Kumfundisha mtoto kwamba Mungu huwatumia watu wa kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Moshi mjini. Maswali haya nimeyapata kwa wazazi, mengi yakiulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, wakati mnada wa ndizi na mayai unaendelea na watu hawana haraka. Mengine yametoka kwa walimu wenzangu, na machache kwa watoto wenyewe, nayo ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa.

"Watu wa kawaida" ndio akina nani? Biblia si imejaa wafalme na manabii?

Imejaa, lakini isome tena taratibu. Kitabu cha Kutoka kinaanza na Farao aliyeamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe wakizaliwa. Alikuwa na majeshi, alikuwa na watu wakimjengea miji ya kuwekea akiba, na jina lake mwenyewe halikuandikwa. Yaliyoandikwa, katika sura ya 1, ni majina ya wakunga wawili waliokataa amri yake: Shifra na Pua. Kila nikifika hapo husimama kidogo. Naamini mwandishi alijua anachofanya.

Endelea mbele. Amosi alijieleza kuwa mchungaji na mtunza mikuyu, wala hakuwa mwana wa nabii. Dorkasi wa Yafa alikuwa akiwashonea wajane kanzu na nguo, na alipofariki wajane hao walimwonyesha Petro nguo zile huku wakilia. Katika Matendo 23 yupo mpwa wa Paulo, kijana tusiyemjua hata jina. Alipata habari kwamba watu zaidi ya 40 wamekula kiapo cha kumwua mjomba wake, akaenda ngomeni kusema. Jemadari akamshika mkono, akamvuta kando, akamsikiliza. Usiku huohuo wakatoka askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kumsindikiza Paulo. Watoto huipenda sana hadithi hii, kwa sababu wao nao husikia mambo mengi ambayo watu wazima hudhani hawayasikii.

Kwa hiyo nikisema mtu wa kawaida sina maana ya mtu dhaifu, wala fukara. Ni mtu ambaye akishuka kwenye daladala pale stendi hakuna anayegeuka kumtazama.

Nina mtoto wa miaka saba. Nianze na hadithi gani?

Anza na yule msichana wa nyumbani kwa Naamani, 2 Wafalme sura ya 5.

Naamani ni jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, na ana ukoma. Nyumbani kwake kuna msichana mdogo wa Israeli aliyetekwa vitani, anamtumikia mke wa jemadari. Siku moja anamwambia bibi yake kwamba laiti bwana angefika kwa nabii aliyeko Samaria, angepona. Basi, hayo tu. Baada ya hapo wakubwa ndio wanaohangaika. Mfalme wa Shamu anaandika barua. Naamani anapakia talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Mfalme wa Israeli anaisoma barua, anararua nguo zake kwa hofu. Wote wana mamlaka, na hakuna hata mmoja anayejua pa kwenda. Anayejua ni mtoto aliyeko jikoni. Tena Naamani alipochukia kuambiwa akaoge Yordani mara saba, waliomtuliza na kumshauri ni watumishi wake.

Ukimaliza kusimulia, usieleze kitu. Mwulize mtoto: katika hadithi hii, nani alijua la kufanya? Mwache ahesabu kwa vidole.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kutekwa kwa msichana yule kulikuwa uovu. Usimwambie mtoto kwamba Mungu alipanga atekwe ili Naamani apone. Biblia haisemi hivyo, na mtoto ataondoka na Mungu wa kumtisha usiku. Mwambie kwamba watu walimtendea vibaya, naye hakumsahau Mungu wa kwao, na Mungu hakumwacha. Atakuuliza kama alirudi nyumbani kwa mama yake. Biblia haikusema, nawe mwambie hivyohivyo. Mtoto mmoja darasani kwangu aliposikia hayo alisema, "Basi tumwombee arudi." Nikamwacha aombe.

Mbona hukumtaja Daudi na Goliathi? Watoto wote wanaipenda.

Naifundisha, ila siianzi nayo, na sababu yake naijali sana.

Mtoto akisikia kwamba mchungaji wa kondoo akawa mfalme, kinachobaki kichwani ni ufalme. Anaelewa kwamba kuchunga kulikuwa kusubiri tu, na Mungu alikuja kuanza kazi baadaye, kwenye uwanja wa vita. Kisha anarudi nyumbani. Baba ni dereva wa bodaboda mwaka huu, na mwaka ujao atakuwa dereva wa bodaboda. Mtoto anabaki kujiuliza ni lini Mungu ataanza na baba. Yusufu tunamsimulia vivyo hivyo, kutoka gerezani hadi kuitawala Misri, na Gideoni kutoka kupepeta ngano kwa kujificha hadi kuwashinda Wamidiani akiwa na watu 300. Tukizipanga hadithi hizi peke yake, tunamfundisha mtoto kwamba mtu wa kawaida ana thamani pale tu anapoacha kuwa wa kawaida.

Rudi kwenye 1 Samweli 16 utazame mpangilio wake. Yese ana wana wanane. Saba wanapitishwa mbele ya Samweli, na wa nane hata baba yake hakuona haja ya kumwita. Maneno tunayoyapenda, "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo," yanasemwa mbele ya Eliabu, kaka mkubwa mwenye kimo kizuri, wakati Daudi bado yuko malishoni na hana habari. Moyo wake ulikwisha kutazamwa akiwa na kondoo. Simamia hapo, mtoto auone ule uwanja wa malisho kabla ya taji.

Na siku ya Goliathi yenyewe, je, unakumbuka kilichompeleka Daudi kambini? Alitumwa. Baba yake alimpa bisi na mikate kumi awapelekee kaka zake, na jibini kumi za akida wao. Kabla ya kuondoka alitafuta mtu wa kumwachia kondoo. Watoto wetu wanaotumwa dukani mara tano kwa siku, leo chumvi, kesho vocha, wanamwelewa Daudi huyo kuliko yule wa picha za kuchorwa mwenye misuli.

Mtoto wangu ana miaka mitatu. Si mdogo mno?

Kwa maelezo, ndiyo. Kwa mkate, hapana. Mpe kipande cha mkate mkononi, mwambie habari ya mtoto aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, kisha mwambie amgawie kaka yake. Dakika tatu zinatosha.

Mwalimu, sisi Wachaga tunajinyima kula ili mtoto asome. Ukimwambia kuwa hata mfagizi Mungu anamtumia, si umempa ruhusa ya kufeli?

Swali hili huulizwa na akina baba zaidi, na wengine huliuliza kwa hasira. Nawaelewa, maana nilikuwa mmoja wao.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la tatu nilikuwa na kauli niliyoirudia kila akileta alama mbaya: "Usiposoma utakuja kubeba mizigo mlimani." Jioni moja mdogo wa mke wangu akaja kutusalimia. Yeye ni mpagazi. Alikuwa ameshuka Kilimanjaro siku ileile, baada ya siku sita, miguu imevimba, mkononi ana chokoleti aliyopewa na wageni na ameitunza ili awaletee watoto. Mwanangu akaipokea, akamtazama, akamwuliza mbele yangu: "Mjomba, wewe hukusoma?"

Shemeji alicheka kidogo, akanyamaza. Mimi sikujua pa kuficha uso. Nusu ya ada ya mtoto yule muhula ule alikuwa ameilipa yeye, kwa hela ya kubeba kilo 20 za mizigo ya wengine kwenye baridi.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kumhimiza mtoto asome kwa kumdharaulisha mtu mwingine ni sumu, hata kama kweli atasoma. Akifaulu, anapanda akiwa na dharau moyoni, na siku moja ataketi ofisini akimtazama mama wa kijijini aliyekuja na karatasi zake jinsi mwanangu alivyomtazama mjomba. Akifeli, mambo ni mabaya zaidi. Kwa miaka saba umemwambia kwamba asiyefaulu si mtu. Matokeo ya darasa la saba yanatoka, jina lake halimo. Sasa yeye ndiye yule uliyekuwa ukimwonyesha kidole. Atasimama juu ya nini? Nimewaona vijana wa namna hiyo wakikaa vijiweni, na maneno wanayojisemea wengi wao waliyasikia nyumbani.

Bidii haipungui ukibadilisha sababu. Badala ya "soma usije ukawa kama yule", mwulize "ukisoma hiki, utamsaidia nani?" Mtoto anayependa hesabu anaweza kuambiwa kwamba bibi yake hupunjwa kwenye mizani kwa sababu hajui kupiga hesabu haraka. Nimeona hesabu ikipendwa kwa sababu hiyo tu.

Na usidhani Biblia haijali ustadi. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Huyo ni fundi. Mtoto anayetengeneza magari ya waya nyuma ya nyumba asomewe sura hiyo.

Nimemsimulia hadithi zote hizo, lakini bado anamwamrisha dada wa kazi kama askari. Nakosea wapi?

Hadithi haishindi kile mtoto anachokiona mezani. Dada anakula wapi, na anakula saa ngapi? Anaitwa kwa jina lake, au "we dada"? Mnapofanya sala ya jioni, yuko nanyi, au anasikia "Amina" akiwa anaosha sufuria? Na kama ni binti mdogo aliyepaswa kuwa darasani, shughulika na hilo kwanza kabla ya hadithi yoyote.

Kisha tazama shikamoo. Hili linaniuma. Shikamoo tuliyolelewa nayo ilikuwa ya umri. Haikuuliza mtu ana gari au ana ufagio. Siku hizi tumeihamisha polepole, bila mtu kutangaza. Watoto wetu humwamkia mchungaji, mzee wa kanisa, na mgeni aliyeshuka kwenye gari. Mlinzi mwenye mvi aliyewafungulia geti wanampita kana kwamba ni sehemu ya geti. Hawakufundishwa kwa maneno. Walitutazama sisi tukipita.

Irudishe. Anza wewe, mtoto akisikia, kwa yeyote anayekuzidi umri: mlinzi, mama anayepanga ndizi mbivu barabarani, mzee anayezoa taka, fundi cherehani aliyeko barazani. Ukipita na mtoto wako kila siku, wiki ya pili ataamkia kabla yako. Usimkaripie mbele za watu akisahau, maana shikamoo ya kulazimishwa yule anayepewa anaitambua.

Nyumbani, soma ile habari ya Naamani dada akiwepo. Kama anapenda kusoma, asome yeye. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kumsemea vibaya mbele ya mtoto, mwombe radhi mbele ya mtoto huyohuyo. Ni ngumu. Mtoto atakumbuka hilo kuliko hadithi zangu zote.

Mwanangu ana kigugumizi na wenzake wanamcheka. Nimwambie nini?

Mwambie habari ya Musa, lakini msimulie yote. Katika Kutoka 4 Musa analalamika kwamba si msemaji na ulimi wake ni mzito. Wahubiri wengi huishia kwenye "Mungu akamtumia", na mtoto anadhani ulimi ulifunguka. Hatusomi kwamba ulifunguka. Mungu alimpa Haruni, kaka yake, asimame naye kusema. Musa alikwenda kwa Farao na ulimi wake uleule.

Hivyo usimwahidi mtoto kwamba akiwa na imani kigugumizi kitaisha. Mtafutie Haruni. Zungumza na mwalimu wake, mtafute mtoto mmoja mpole wa kukaa naye. Na darasani kwetu tuna mwiko mmoja: hatumwinui mtoto mwenye ulemavu mbele ya wengine ili awe somo la kuwatia watu moyo. Amekuja kujifunza kama wenzake.

Kuna mifano ya hapa kwetu, au yote ni ya Israeli?

Ipo, na mwalimu asiyeitumia anajinyima.

Wapandishe watoto kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, ukawaonyeshe mfongo, yaani mfereji wa maji. Wengi wa watoto wa mjini hawajawahi kuuona kwa makini. Maji yanachepushwa kutoka mtoni huko juu, yanafuata ubavu wa kilima, yanapita koo hii na ile, hadi yanafika kwenye migomba. Wazee wetu waliichimba mifongo hiyo kwa mikono, bila vifaa vya wapimaji, wakiyafuata maji yenyewe wayaone yanavyokubali kutembea. Na kila mwaka watu hutoka pamoja kuzibua mchanga na majani. Watoto wakishachezea maji, waulize: aliyechimba hapa aliitwa nani? Watabuni majina, kisha watanyamaza. Ndizi waliyokula asubuhi ilinyweshwa na mtu huyo. Mimi huwaacha hapo, wakiwa na miguu ndani ya maji, bila kuongeza neno.

Uko pia mlima wenyewe. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, mita 5,895 kama tunavyozihesabu leo, na vitabu vimewaandika. Huku Marangu anakumbukwa Yohani Kinyala Lauwo, kijana aliyewaongoza njia. Wapo na wapagazi waliobeba vyakula na mahema. Watoto wenye baba au mjomba mpagazi, na kila darasa la Moshi linao, hukaa wima kwenye benchi nikifika hapo.

Kwa walimu wa upande wa Arusha, ninyi mna Akeri. Mwaka 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Meru. Wachaga waliokuwa wamefuatana nao waliuawa pia. Sisi tukisimulia habari hiyo kwa kawaida hutaja majina mawili. Sasa nimejizoeza kuwaambia watoto, kila mara, kwamba kulikuwa na wengine.

Mtoto ameniuliza: "Kama Mungu anatuthamini, mbona bibi anauza ndizi sokoni Mbuyuni mpaka usiku na hela haitoshi?" Nilikosa jibu.

Kukosa jibu hapo si dhambi. Dhambi ingekuwa kumjibu haraka kwamba umaskini ni baraka. Mtoto anayelala na bibi yake anajua si kweli, na atakuweka kwenye orodha ya watu wazima wanaosema mambo ili yaishe.

Somo ninalolitumia ni Marko 12, mjane na senti zake mbili. Ila usianzie mstari wa 41 kama tulivyozoea siku za harambee. Anzia wa 38. Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaopenda kuamkiwa masokoni na kukaa viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane. Mara tu baada ya maneno hayo anaketi kuelekea sanduku la hazina, na mjane anakuja. Tukikata ile sehemu ya kwanza, mjane anakuwa mfano wa kutoa tu. Tukisoma yote, mtoto anaona kwamba Yesu alimwona bibi yule kwenye msongamano ambamo hakuna mwingine aliyemwona, na pia alikasirishwa na wanaowapunja akina bibi.

Kwa hiyo mjibu mwanao: bibi anaonekana mbele za Mungu, na watu wanaonunua ndizi zake kwa bei ya kumnyonya nao wanaonekana. Halafu Jumamosi mpeleke akamsaidie bibi kupanga mafungu.

Nina watoto 70 kwenye darasa moja, umri umechanganyika, hatuna hata ubao. Nifanyeje?

Watoto 70 ni utajiri kwa igizo. Naamani anahitaji jeshi, nawe unalo. Khanga moja ni joho la mfalme, ndoo ni mto Yordani.

Shida iko kwenye kugawa nafasi, na hapa nataka kusema wazi kwa walimu wenzangu. Kila mwaka ikikaribia sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwezi wa tisa, tunachagua watoto walewale. Anayesoma vizuri, mwenye viatu vizuri, ambaye mama yake yuko kwaya. Tunasimama mbele ya kanisa zima na watoto hao, tunahubiri kwamba Mungu hana upendeleo, na watoto 60 walioko kwenye mabenchi wanatuangalia.

Usharikani kwetu tumebadilisha mambo mawili. Mistari ya kusoma tunaigawa kwa kura, na asiyejua kusoma anafundishwa kuushika kwa kichwa. Pili, kila kazi ni huduma, na majina yote husomwa kanisani: aliyesoma somo, aliyepanga mabenchi saa kumi na mbili asubuhi, aliyechota maji, aliyewashika mkono wadogo wasikimbie. Mzazi mmoja alichukizwa sana kwamba binti yake aliyezoea kuongoza ibada amepewa maji. Binti mwenyewe hakuchukizwa.

Mwaka jana sehemu ya kijakazi wa Naamani ilimwangukia mtoto ambaye huwa hasemi kabisa. Ana sentensi moja tu. Aliisema kwa sauti ndogo, waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Wakaniambia baadaye nimpe kipaza sauti. Nikawauliza kama Naamani alisikia. Walikubali kwamba alisikia.

Sisi ni Wakatoliki. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu, tena mna hazina yenu. Mtakatifu Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishia kuwa mtawa nchini Italia, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa jikoni, kudarizi na kufungua mlango wa konventi. Alifariki 1947 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Mtoto anayeona mlango ukifunguliwa kila siku na mtu asiyemsalimu atamwelewa. Mwelezeni pia Kizito, mdogo kuliko wafiadini wote wa Uganda.

Je, mtoto hataanza kujiona mteule na kuwa na kiburi?

Kiburi huja ukimwambia yeye tu. Mwambie pia habari ya dada yake, ya jirani, na ya mtoto anayemchokoza njiani.

Mbona wengi katika hadithi hizi hawana majina?

Hili aliliuliza mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amehesabu: msichana wa Naamani hana jina, mtoto wa mikate mitano hana jina, mjane hana, mpwa wa Paulo hana. Nikamjibu kwamba Mungu anayajua. Hakuridhika. Akaniuliza, "Mwalimu, na yule babu wa getini anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nikakuta sina la kusema. Nimepita kwenye geti lile la kanisa kwa miaka sita. Nikamwuliza mwalimu mwenzangu, naye hakujua. Tulikuwa na watoto zaidi ya 40 siku ile na hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake.

Tukafunga Biblia, tukatoka wote nje kwa mstari hadi getini. Mzee alipotuona tunamjia kwa wingi vile alisimama haraka, akavaa kofia yake, akauliza, "Kuna kitu kimepotea?"

Watoto wakamwamkia. Yule wa darasa la pili akamwambia hapana babu, hakuna kilichopotea, tunataka kujua jina lako.